Shangazi Alikuwa Kwangu

Buswelu, Mwanza
Jumatatu

Kaka yangu Deo,

Shikamoo kaka. Shikamoo ya pili ni ya Baba Doto na watoto, maana wameniona nimeshika kalamu wakasema nisiwasahau. Umeamkaje huko? Mgongo wako je, bado ukiinama kwenye matuta ya viazi unainuka kwa kushikilia jembe? Na wifi Paskazia, kile kikohozi cha vumbi la unga wa udaga kimemwachia? Muhogo umekauka au mvua imeuwahi juani?

Sisi hapa wazima. Baba Doto anaendelea na vibarua vya ujenzi, siku anapata na siku anarudi na koleo lake safi kama alivyoondoka nalo. Watoto wanasoma. Mimi mwenyewe mwili ni mzima. Nimesema mwili, kaka, kwa sababu moyo si mzima, na ndiyo maana leo naandika badala ya kupiga.

Nikipiga simu unaweka sauti kubwa ili nyumba nzima inisalimie. Ni jambo zuri, siku nyingine zote linanifurahisha, lakini haya siwezi kuyasema huku nasikia watoto wakicheka na kuku wakilia nyuma yako. Barua nimempa Erasto, fundi wa nguo wa hapa jirani, anakuja Nansio kumwona mama yake. Nimemwambia aiweke mkononi mwako, si mkononi mwa mwingine. Isome peke yako kwanza. Ukimaliza ndipo uamue nani wa kumsomea.

Ni habari ya mguu wa shangazi Leokadia.

Nilikuambia kwenye simu kwamba sukari ilimpanda, kidonda kikaharibika, madaktari wakalazimika kukata. Hakuna uongo hapo, ila si habari yote. Na wewe ukanijibu, "Tumshukuru Mungu alikuwa mikononi mwako, Vene." Wifi akakupokonya simu akaniambia jumuiya imenisalia rozari nzima kwa jinsi nilivyomuuguza. Kaka, nilipokata simu nilikaa juu ya ndoo jikoni, mchele kwenye ungo, nikashindwa kuupepeta. Watu wananiombea baraka kwa jambo ambalo nilipaswa kuombewa msamaha.

Nianze na kazi yangu, maana huko mnaijua juu juu. Mnajua niko hospitali. Nikija likizo watu wananiita sista, nami nawaacha waniite. Mimi si nesi. Nimeajiriwa na hospitali binafsi moja ya hapa mjini nisimame bandarini meli ya kutoka Nansio inapotia gati, nimevaa kizibao cha bluu, nitazame wanaoshuka. Mgonjwa haulizwi, anaonekana tu. Anashuka ngazi kwa kuhesabu, amejifunga khanga mbili kwenye joto, ndugu yake amembebea kikapu. Hapo hapo bodaboda na wapiga debe wanamvamia, huyu anavuta mkono, huyu anavuta mzigo. Mimi nasogea taratibu, namwamkia Kikerewe. Basi. Mtu hajui mji, ameumwa, halafu anasikia lugha ya mama yake. Anakuachia na kikapu chake. Namwingiza kwenye gari la hospitali, halilipiwi, na njia nzima naisifia hospitali yetu.

Hospitali yetu watu wanaiita Ya Vioo, kwa kuwa mbele kote ni vioo. Ng'ambo ya barabara kuna nyingine, nayo ni ya mtu binafsi, hiyo wanaiita Ya Kijani kwa rangi ya kuta zake. Wao nao wana mtu wao bandarini, Mama Sada wa Mirongo, mwenye kizibao cha kijani. Tunagombania wagonjwa kila siku, na chai tunakunywa birika moja. Ungetusikia ungecheka.

"Mama Doto, yule mzee wa kofia ni wangu. Nimemwona akiwa bado juu ya ngazi."

"Umemwona. Umemwamkia?"

"Nimwamkie kwa lugha gani, hicho Kikerewe chenu mnachokificha kama dhahabu?"

"Jifunze basi, mwenzangu."

"Nitafutie mume wa kisiwani mwenye mitumbwi, ndo nitajifunza vizuri."

Hayo ndiyo maisha yetu pale. Na nisiwe mwongo, kaka, kushindana huku kumeleta mema. Unakumbuka zamani mama mjamzito alivyokuwa akigombezwa kama mwizi wa mahindi? Sasa Ya Kijani wakipaka rangi, sisi tunaweka feni. Wao wakiweka televisheni mapokezi, sisi tunaweka kubwa zaidi. Manesi wetu wamefundishwa kusema "karibu mpendwa", na wakikusahau wanaitwa ofisini. Dawa hazikosekani, maana zikikosekana kwetu mtu anavuka barabara. Mashuka yananukia. Mimi mwenyewe nilijisikia fahari. Nilikuwa nasema moyoni, angalau watu wa kwetu wanapokelewa kama watu.

Lakini kuna yale ambayo mgeni hayaoni. Mtu akija na vipimo alivyopimwa Ya Kijani, kwetu vinawekwa pembeni, anatobolewa upya. Akienda kwao na vya kwetu, vivyo hivyo. Na kubwa kuliko yote, hakuna anayempeleka mgonjwa wake ng'ambo. Sisi tuna mashine ya kusafisha figo, wao hawana. Wao wana bingwa wa upasuaji wa miguu ya wagonjwa wa sukari, sisi hatuna. Sisi tumeandika kwenye bango kwamba bingwa kama huyo yuko njiani. Mpaka leo yuko njiani.

Sasa uliponipigia ukasema shangazi amechomwa na mwiba wa sangara alipokuwa akitembea pekupeku kwenye vichanja vya dagaa, na kidonda hakifungi, unakumbuka nilivyokujibu? Nilisema, "Mlete kwangu." Sikusema mlete hospitali. Nilisema kwangu. Na shangazi ndivyo alivyolisikia neno hilo.

Aliposhuka melini alikuwa amevaa vitenge vyake vya Pasaka. Mama Sada alimwona, akaniangalia, akasema, "Huyu simgusi, mnafanana pua." Nilimpeleka Ya Vioo kwa gari. Mapokezi kuna utaratibu wetu, mgonjwa mpya anapewa boksi la juisi baridi, kwa sababu Ya Kijani hawatoi. Kaka, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilimtobolea shangazi boksi lile nikamchomekea mrija. Mtu wa sukari. Nilijua ana sukari. Lakini mkono ulishazoea kukaribisha, ukakaribisha. Akanywa yote akasema, "Mungu akubariki mwanangu, hospitali yako ina adabu."

Alilazwa kitanda cha dirishani. Kila siku kidonda kilisafishwa, kikafungwa bandeji nyeupe pe. Manesi walimpenda, maana alikuwa akiwafundisha nyimbo za Kikerewe na kuwaombea waume. Wagonjwa wenzake akawaambia kwamba hospitali ile ni ya mwanaye. Nilisikia nikanyamaza. Ilinipendeza.

Halafu ikaanza harufu. Ilianza kidogo, nikadhani ni maua ya kwenye chombo yameozea majini. Nikayamwaga. Harufu ikabaki.

Yuko daktari mmoja kijana pale wodini, mpole, anaongea kwa sauti ya chini kama anaogopa kuamsha mtoto. Alinivuta kwenye korido. Akasema, "Mama Doto, mguu wa shangazi yako unahitaji bingwa, na bingwa yuko ng'ambo hapo. Nimeshasema ofisini, nimeambiwa tuendelee kusafisha. Lakini ndugu mkiomba wenyewe kumhamisha, hakuna wa kumzuia. Ombeni. Mimi sijakuambia."

Nikaenda kwa meneja. Nilitaka kumwomba, kaka, nakuapia. Nilipoingia alikuwa anacheka na simu, akaniambia nikae, akanisifu jinsi watu wa visiwani wanavyoongezeka. Nikamwambia habari ya mguu. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto, akasema, "Mama Doto, tukimvusha mgonjwa mmoja barabara ile, kesho Nansio nzima itavuka. Na wewe utakuwa unasimama bandarini kumwamkia nani?" Kisha akasema uamuzi ni wetu wanandugu, yeye hamshikilii mtu.

Nilitoka pale nikiwa nimeelewa vizuri sana.

Na hapa, kaka, ndipo penye dhambi yangu. Sikukataa kumwambia shangazi. Ningekataa ingekuwa nafuu, ningeweza kusema niliogopa. Nilimwambia, ila kwa namna yangu. Nilikaa kando ya kitanda, nikamtengenezea mto, nikamuuliza, "Shangazi, eti unataka kuhama hapa uende kwa wale wa ng'ambo?"

Wewe ni mtu wa kwetu. Unajua mgeni akiulizwa hivyo na mwenyeji wake anajibu nini. Ni kama kumuuliza mgeni kama ameshiba huku unaondoa sahani. Nani wa kwetu atasema bado? Shangazi alinishika mkono. Akasema, "Mwanangu, nihame nimenyimwa nini? Nimekaribishwa, nimelishwa, nimelala pazuri. Mgeni anahamia kwa jirani? Watu wa hapa watasema nini juu yako?" Nikamwambia, "Haya shangazi, nilikuwa nauliza tu." Nikatoka nikamwambia yule daktari kijana kwamba mgonjwa mwenyewe hataki. Akainamisha kichwa akaenda zake.

Ningesema "Shangazi, inuka twende", angeinuka. Maneno matatu. Nilikuwa nayo mdomoni.

Nilijua kabla sijauliza kwamba atakataa. Nilichagua swali kama mtu anavyochagua nyanya sokoni, nikachukua lile lisilonidhuru. Kazi ikabaki, heshima ikabaki, na nikaenda misa ya Jumapili nikapokea Komunyo.

Siku zikaenda. Nikawa naingia wodini nikiwa nimeshika leso. Bandarini Mama Sada akanigundua, maana niliacha mzaha.

"Leo umeniachia wagonjwa wote, Mama Doto. Umeugua au umeokoka?"

"Niache."

"Ni yule bibi yako?"

Nikamwambia. Nilidhani atanicheka au ataniona mshenzi. Alishusha kikombe chini. Akasema, "Sikiliza. Kwetu yuko baba mmoja wa figo, amevimba uso kama mkate. Mashine yenu iko hapo, ukitupa jiwe unaipiga. Wanampa vidonge. Mimi ndiye niliyemtoa bandarini, mke wake ananiita mwanangu. Kwa hiyo usinililie mimi, mimi na wewe ni walewale. Bibi analala wodi gani?"

Kesho yake saa ya kutazama wagonjwa alikuja. Kizibao amekivua, amejitanda mtandio, amebeba chupa ya uji. Walinzi hawakumjua. Akamwamkia shangazi kwa adabu zote, akafunua shuka miguuni, nikaona uso wake ulivyobadilika, kisha akafunika taratibu. Sasa angalia akili ya mwanamke huyu, kaka, wala si mtu wa kabila letu. Hakumwambia shangazi ahame. Alisema, "Bibi, mimi ni jirani yake Mama Doto, nakaa ng'ambo hapo. Nimekuja kukualika. Umekaa kwa mwanao siku zote, na mimi je, sina haki ya kukukirimu?"

Shangazi akacheka. Akasema, "Mwaliko haukataliwi, ila mwenyeji wangu lazima aridhie." Akanigeukia. "Mama Doto, unaridhia?"

Mlangoni alikuwa amesimama muuguzi mkuu. Nilijua nikijibu itafika ofisini kabla sijateremka ngazi. Nikasema, "Naridhia, shangazi. Twende leo hii."

Kaka, kumtoa pale ilikuwa shughuli. Gari la wagonjwa tuliambiwa halina mafuta. Tukapewa kiti cha magurudumu, tukamsukuma hadi getini. Mlinzi akasimama mbele yetu, kijana ninayemfahamu, ninamletea maandazi. Akasema bila kunitazama, "Mama, kiti mwisho hapa. Nimeambiwa mali ya hospitali isivuke." Ng'ambo tulikiona kiti cha Ya Kijani kimesimama getini kwao, na mlinzi wao naye amekishika, nacho hakivuki. Barabara yenyewe haizidi upana wa uwanja wetu wa kanisa. Viti viwili, na mgonjwa katikati hana cha kukalia.

Tukashikana mikono mimi na Mama Sada, tukamkalisha shangazi juu yake, akatushika shingo. Tukaingia barabarani. Bodaboda mmoja akasimamisha pikipiki yake katikati ya lami, akanyoosha mkono kuzuia magari, akapiga kelele, "Subirini, bibi anapita!" Na shangazi, na mguu ule, akasema kwa sauti, "Jamani mnaniozesha tena? Mbona nabebwa kama bibi harusi?" Watu wakacheka. Mama Sada akacheka. Mimi nililia mpaka kamasi zikanifika mdomoni, na sikuwa na mkono wa kujifuta.

Yule bingwa alimtazama siku ileile. Ni mtu mzima, nywele nyeupe, hana maneno mengi. Alibonyeza hapa na pale, akaandika, akamwambia nesi aandae chumba. Kisha akanifuata nje. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema kama angemwona mapema angeondoa vidole tu, mguu ungebaki. Akauliza, "Alikuwa wapi siku zote hizi?"

Nikamjibu, "Alikuwa kwangu."

Mengine unayajua. Walikata chini ya goti. Uhai umebaki, na kidonda kipya kinafunga vizuri, Mungu ni mwema kuliko tunavyostahili. Sasa shangazi yuko hapa nyumbani Buswelu, analala chumba cha watoto, anajifunza magongo kwenye korido na Doto anamwita dereva.

Nilienda kuungama. Padre alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa kitubio, akaniondolea dhambi. Ila nilipokuwa nainuka akaniuliza, "Na huyo shangazi yako, yeye umemwambia?" Nikasema bado. Akasema, "Mungu amemaliza sehemu yake. Yako bado."

Nikakaa na hilo. Kila asubuhi nilisema leo, nikamwandalia uji, nikamfungua bandeji, naye akaniombea huku namfunga, nikanyamaza. Mpaka Ijumaa tulipokuwa uani tunachambua maharage, nikamwambia. Nilimwambia yote, juisi, daktari kijana, meneja, na lile swali langu na kwa nini niliuliza vile. Sikujitetea. Aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza.

Kisha akasema, "Kumbe. Mimi nilikuwa nakaa pale nikutunzie kazi yako. Na wewe ukanitunzia ugeni wangu. Tumekaa tunapeana adabu, mguu unaoza."

Nikapiga magoti kwenye maganda. Akaniambia ninyanyuke nisichafue gauni. Akasukuma ungo pembeni, akaita Doto amletee magongo. Tangu hapo chakula anapokea kwa mkono wa Doto. Kwangu anapokea salamu tu. Bandeji ananiachia nifunge, lakini anatazama ukutani na haniombei. Sina la kulalamika. Mguu ni wake.

Jana jioni baada ya sala ndiyo aliniongelesha mwenyewe. "Deo umeshamwandikia?"

"Bado, shangazi."

"Mwandikie. Na usiniandike kama mtakatifu. Andika nimekasirika."

Basi nimeandika. Shangazi amekasirika, kaka.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nisisubiri tena. Meneja hakunifukuza. Nilidhani atanifukuza. Badala yake aliniita akasema yameisha, na hospitali inataka kuja kigangoni kwenu na zoezi la kupima sukari na presha bure, na kwamba watu wa kwetu wananiamini. Nikaitika. Ndipo nilipokupigia wiki iliyopita nikakuomba wewe kama katekista utangaze baada ya ibada ya Jumapili hii inayokuja, na wewe hukuuliza hata swali, ulisema, "Kama ni hospitali iliyomwokoa shangazi, nitatangaza kwa nguvu zote." Nikasema asante kaka. Hata hapo nilinyamaza.

Usilitangaze vile nilivyokuomba. Wala sikuombi uwafukuze. Kupima ni kuzuri, mama mkwe wako presha yake iligunduliwa kwenye zoezi kama hilo la hawa hawa. Waje wapime. Ila ninaijua kazi inayofuata, kwa sababu ni yangu. Atakayekutwa na tatizo ataambiwa siku ya meli, na bandarini atanikuta mimi, nimevaa bluu, namwamkia Kikerewe. Waambie majibu yao wayachukue mkononi, waende nayo kwanza hospitali ya serikali hapo Nansio, waulize daktari wa ugonjwa wao anapatikana wapi, iwe kwetu, iwe ng'ambo, iwe kwingine. Na waambie mtu akiwa kitandani hapa mjini hayuko ugenini. Asimwonee mtu haya. Akiona hapati nafuu aseme nipelekeni kwingine, na ndugu zake wasimuulize kama anataka, wamnyanyue.

Watakuuliza umeyatoa wapi. Hapo usiseme "kuna mtu mmoja". Wataanza kubahatisha, na mwisho watamsingizia nesi fulani asiye na kosa. Sema ni Veneranda, dada yangu, ndiye aliyemfanyia hivyo shangazi Leokadia. Sema jina langu mbele yao wote, na jumuiya iliyonisalia rozari iwepo. Najua ni aibu kwako pia, unayesimama pale mbele kila Jumapili na tumbo lililotuzaa ni moja. Nisamehe kwa hilo nalo. Lakini watu wa pale wananifuata kwa sababu ni wa kwetu, na njia pekee ninayoiona ya kuwafanya waulize mara mbili ni wajue wa kwao alifanya nini.

Likishatangazwa litafika kwa meneja, na kazi itaisha. Baba Doto nimemwambia. Akasema koleo lingine lipo nyuma ya mlango. Ndivyo alivyo. Mimi mwenyewe bado sijaaga ofisini, na leo mchana nitavaa kizibao niende bandarini. Mama Sada na mimi tumekubaliana kitu kidogo, kila mgonjwa tunamuuliza kwanza anaumwa nini, wa figo naandamana naye mimi hata kama alikuwa wake, wa miguu anachukua yeye. Yule baba wa figo tumeshamvusha. Tukikamatwa tutafukuzwa wote wawili. Anasema tukifukuzwa tutauza maandazi, yeye atapika na mimi nitawaita wateja kwa Kikerewe.

Nisalimie wifi Paskazia, mwambie dawa ya kikohozi nimempa Erasto pamoja na barua hii. Nisalimie mama mkwe wako, asiache vidonge vyake hata akijisikia mzima. Msalimie Magdalena, mtoto wa kwanza wa shangazi, na umwandae kwa upole kabla hajasikia kanisani, maana ni mama yake. Kama atataka kunijia juu, mpe namba yangu. Mzee wetu mwenyekiti wa jumuiya mwambie shikamoo.

Shangazi anarudi huko kidonda kikikauka. Atataka kupokelewa gatini na mtu mwenye nguvu, njia ya pale ina mawe.

Kaka, nijibu upesi, kabla ya Jumapili. Niambie utasema au hutasema.

Ni mimi mdogo wako,
Veneranda, Mama Doto